Matapishi ya Mheshimiwa

Wiki iliyopita nilimbeba mtoto wa jirani kutoka Kisii hadi Kebirigo, akanitapikia garini. Simlaumu. Alikuwa amekula mahindi ya kuchoma akashushia na maziwa lala, na barabara yetu ile ya kona hata mtu mzima hutoka jasho. Shida ni kwamba nilikuwa nimetoka kujaza petroli, na kijana wa pampu alikuwa amemwaga kidogo kando ya tangi, basi harufu zile mbili zikakutana humo ndani. Nilisimamisha gari kando ya shamba la majani chai, nikashuka, nikatema mate. Mama yake alidhani nimemkasirikia mwanawe. "Pole sana, auntie, nitaosha mwenyewe," akasema. Ningemwelezaje kwamba si mtoto? Kuna mtu mzima mmoja ambaye mimi humchukia kwa pua, na kila petroli na matapishi vikikutana namwona amesimama mbele yangu na leso yake mdomoni.

Baba yangu alikuwa rubani. Si wa zile ndege kubwa ambazo watu hupiga picha dirishani wakaweka kwenye simu. Yake ilikuwa ndogo, ya injini moja, na kazi yake ilikuwa kaskazini kabisa, kule barabara zinakochoka na kuishia mchangani. Alibeba chanjo, wauguzi, walimu, magunia ya maharagwe, siku nyingine mbuzi, siku nyingine mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili. Viwanja vya huko ni vipande vya ardhi tu. Rubani hupita chini kwanza kufukuza ngamia, kisha anazunguka na kurudi kutua kabla ngamia hawajabadilisha nia. Na mchana hewa ya moto huinuka kutoka ardhini, ikaitikisa ndege kama ungo wa mtu anayepepeta wimbi.

Hayo yote niliyajua baadaye. Utotoni nilijua jambo moja tu: baba alikuwa akinuka. Mimi na mama tuliishi Nyansiongo kwa nyanya, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Magokoro. Baba alikuja mwisho wa mwezi. Alipovuka lango nilikimbia kumlaki, na kabla sijamfikia, harufu ilikuwa imeshanifikia mimi. Petroli ya ndege, jasho, na chini yake kitu kichachu ambacho kila mtoto anakijua. Magokoro alichukua mashati yale kwa vidole viwili, akayapeleka kwenye karai nyuma ya nyumba, akayasugua kwa sabuni ya kipande. Alianza na kola kila mara, upande wa kisogoni, nami sikujiuliza kwa nini.

Nilikuwa nimeshamaliza hesabu zangu. Baba hutapika. Anapanda juu kule, anaona dunia ikizunguka, anaogopa, anatapika, halafu anakuja nyumbani kutununulia mkate kwa pesa alizopata kwa kutapika. Nilimwonea huruma mpaka nikawa silali. Kanisani siku ya Sabato, wengine wakiombea mvua, mimi niliombea tumbo la baba. Shuleni mtoto akiniuliza baba yangu hufanya nini, nilisema ni dereva. Niliona afadhali dereva.

Kisha Magokoro akafariki. Alilala mzima baada ya kukamua, asubuhi hakuamka. Baba alikuwa mbali sana, na kwa barabara asingefika kwa wakati. Na ilikuwa lazima afike, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba wa Magokoro, na kwetu kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza. Magokoro mwenyewe alikuwa amelisema hilo mara nyingi, hata akiwa mzima kabisa na jembe mkononi: "Mtu asinifukie kabla yule wangu wa ndege hajaja." Mazishi yalipangwa Ijumaa. Kwetu sisi wa Sabato jua likizama Ijumaa hakuna tena kuzika, kwa hiyo pasta alisema wazi kwamba jioni isitukute bado tunaongea.

Bahati, au niseme balaa, ni kwamba mheshimiwa wetu mmoja alikuwa huko kaskazini kwa mikutano yake, na ndege aliyokodi ilikuwa hiyo hiyo ya baba. Aliposikia kuna matanga Nyansiongo, na kwamba watu watajaa, ghafla akaingiwa na huzuni. Akasema wataruka pamoja. Jina lake sitalitaja, maana wino wenyewe una gharama.

Aliyepewa kazi ya kuandaa mapokezi alikuwa Baba Mdogo Makori, ndugu yake baba wa tumbo moja. Makori alikuwa mwenyekiti wa kila kamati ya matanga kutoka kwetu hadi Kebirigo. Hakuwa na kazi nyingine niliyowahi kuiona. Nyuma ya boma letu kuna uwanja wa ndege wa zamani, ulioachwa na mlowezi aliyekuwa na shamba lile kabla ya watu wetu kugawiwa. Tangu azaliwe, Makori alijua uwanja huo kama malisho ya ng'ombe. Baba alimpigia simu, naye akaiweka sauti ya juu ili sote tusikie jinsi anavyoongea na rubani.

"Makori, nisikilize vizuri," baba alisema. "Hii si helikopta, haishuki wima kama chopa. Inakimbia chini kwanza. Nataka uwanja mzima wazi, kutoka kwenye mikaratusi mpaka kwenye josho. Ng'ombe watoke. Watu wakae juu kwenye ukingo."

"Kaka, wewe njoo tu. Hapa tumepokea chopa mpaka tumechoka."

"Makori, si chopa."

"Nimekuelewa, kaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alipokata simu akatugeukia na kucheka. "Ati rubani anifundishe kupokea ndege! Mimi!"

Asubuhi ya Ijumaa, Baba Mdogo akachukua chokaa akachora duara kubwa jeupe katikati ya uwanja, kama wafanyavyo kwenye viwanja vya shule mheshimiwa akija kwa chopa. Kuzunguka duara akapanga viti vya plastiki. Akasimamisha na tao la migomba, ili mgeni akishuka apite chini yake. Kwaya ya akina mama ikapangwa upande mmoja, watoto wa shule upande wa pili, nami mstari wa mbele nikiwa na sare. Ng'ombe waliachwa wajilie, kwani walikuwa mbali na duara. Watu wengi, watu wazima, wenye vyeti vyao, walisimama pale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Ndege ikatokea juu ya mikaratusi. Ilikuja chini chini, halafu ghafla ikainua pua ikapaa. "Anatusalimia!" mtu akapiga kelele, na watu wote wakapunga mikono. Ikazunguka, bawa moja likielekea chini kabisa, ikarudi, ikapaa tena. Akina mama wakaimba kwa nguvu zaidi. Makori alikuwa katikati ya duara akionyesha kwa mikono yote miwili mahali pa kushuka, hapa, hapa, kama mtu anayemwelekeza mchukuzi pa kuweka gunia. Ndege ikazunguka tena, kwa ukali zaidi. Mimi nilikuwa nalia, kwa kuwa nilijua ndani mle baba anatapika, na kila wakiimba anazungushwa tena.

Mara iliyofuata hakupaa. Alitujia usawa wa vichwa, injini ikinguruma hadi meno yakauma, nikayaona magurudumu. Hapo ndipo akili iliporudi kwa wenyewe. Viti viliruka, kwaya ikatawanyika, mke wa pasta akaanguka kifudifudi kwenye mavi ya ng'ombe, ng'ombe wenyewe wakaingia majani chai ya watu. Ndege ikapita, ikageuka, na safari hii ikatua vizuri juu ya uwanja mtupu, ikasimama karibu na josho huku jani la mgomba likining'inia kwenye gurudumu.

Mlango ukafunguliwa, akatoka Mheshimiwa. Jua lilikuwa kali lakini koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka kooni, leso iko mdomoni, na alikuwa akitafuna peremende haraka haraka. Wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele, jameni, matangani, marehemu yuko kwenye sanduku hatua chache kutoka pale! Nyuma yake akashuka baba. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa begani uchafu wa manjano, na juu yake kulikuwa na vipande vya nyama. Watu wakaziba pua. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba akaanza kwenda nyumbani. Mheshimiwa akamgeukia.

"Wewe, unaenda wapi? Safisha ndani. Nikirudi nisikute hiyo harufu."

"Mheshimiwa, nimekuja kumwona mama."

"Mama yako hatoroki," akasema, na peremende ikagonga jino.

Kwa macho haya niliwaona watu wakiangalia chini. Baba alimtazama ndugu yake, naye Makori akasema, "Kaka, maliza hiyo haraka, sisi tunaendelea na wageni." Watoto walikuwa wameshaanza kudandia bawa na kushika pangaboi. Baba akarudi kwenye ndege yake. Nimewahi kumuuliza, nikiwa mtu mzima, kwa nini hakumzaba kofi. Aliniambia rubani hawezi kuacha ndege mikononi mwa watoto, na mtu mwenye hasira hatakiwi kuruka. Jibu hilo ni zuri, lakini mimi bado halinitoshi.

Mheshimiwa akapewa kipaza sauti. Alianza na maendeleo, akaenda kwenye kahawa, akaenda kwenye wapinzani wake. Magokoro alimtaja mara moja, na jina akakosea. Pasta alikuwa akiangalia jua, kisha saa, kisha jua. Mwishowe Mheshimiwa akaona watu wanasinzia, akaamua kuwachekesha.

"Na huyu kijana wenu wa ndege! Mimi nimepanda ndege na marubani wengi, lakini huyu! Alipowaona mko wengi hivi, woga ukamshika. Alitapika! Alitapika mpaka mimi nikamwambia, kijana, nipe usukani nikusaidie!"

Wakacheka. Mama yake mtu yuko ndani ya sanduku, wamekuja kumlilia, wakacheka mpaka wakapigana mabega. Baba Mdogo Makori alicheka kuliko wote, akajifuta machozi ambayo sikuyaona alipokuwa akimtazama mama yake. Ptu! Mama yangu peke yake hakucheka. Alinivuta mkono, uso umekauka. "Nenda umwite baba yako. Mwambie tunazika, mtu huyu akubali asikubali."

Nikakimbia. Nilimkuta baba amepiga magoti ndani ya ndege, ana ndoo na majani ya mgomba, anazoa. Harufu ilinipiga hata sijafika mlangoni, nikashika pua. Kisha nikaona ni vibaya kumshikia baba pua, nikaiachilia.

"Baba, mama anakuita, tunazika," nikasema. Na kwa kuwa jambo lile lilikuwa limenikaa moyoni miaka yote ile, nikaongeza, "Pole kwa kutapika. Mimi hukuombea."

Akaacha kuzoa. "Nani amekwambia mimi hutapika?"

"Amesema kwa kipaza sauti. Watu wote wamesikia. Na hata siku zote… mashati yako."

Akasukuma ndoo kando. Kisha akakaa mlangoni, akanigeuzia mgongo. "Angalia," akasema.

Nikaangalia. Mbele, kifuani, shati lake lilikuwa safi kabisa. Matapishi yalianzia kwenye nywele za kisogoni, yakashuka kwenye kola, yakateremka begani na mgongoni. Kiti chake nacho kilikuwa kimechafuka nyuma, si mbele. Nikajaribu kumfikiria mtu anayeweza kujitapikia kisogoni, nikashindwa. Halafu nikaangalia kiti cha yule aliyekuwa amekaa nyuma yake, pale palipokuwa pamebaki karatasi ya peremende, na akili yangu ndogo ikafunguka yote kwa mara moja. Mashati yote yale. Kola zote zile Magokoro alizosugua.

"Ni yake," nikasema.

"Ni ya abiria," baba akasema. "Abiria hutapika, mimi huwafikisha. Ndiyo kazi."

"Mbona usiwaambie?"

"Nilikuja kumzika mama." Akaimwagia mikono maji, akasugua kwa nyasi, akainusa, akasugua tena. "Twende."

Tulipoingia bomani, Mheshimiwa alikuwa bado na kipaza sauti. "Haya, rubani amepona!" akasema, na wakacheka mara ya pili. Lakini pasta alikuwa amechoka. Alianza wimbo bila kumwomba mtu ruhusa, na wanaume wakaona aibu, wakanyanyua sanduku. Magokoro akashushwa. Baba akainama akachota udongo kwa mkono wake, akausubirisha kidogo, akautupa. Lile neno la Magokoro likatimia. Baada yake Makori naye akatupa, kisha akashika jembe, wanaume wengine wakashika yao, kazi ya kufukia ikaanza.

Hawakuwa wamefika mbali wakati wingu lilipotanda. Wa kwetu mnaijua mvua ile ya alasiri, haina adabu, haiulizi. Mheshimiwa akatazama juu, akampigia baba ukelele kutoka upande wa pili wa kaburi.

"Rubani! Twende kabla ya mvua!"

"Namzika mama, Mheshimiwa."

"Wengine watafukia. Ndege hiyo mimi ndiye nimeikodi!"

"Ndege umeikodi," baba akasema, bila kupaza sauti. "Mama yangu hujamkodi."

Tone la kwanza likagonga bati. Baba akaendelea kuchota udongo. "Na hata ningetaka," akasema, "angalia kilima kile. Hakionekani. Siruki leo."

"Kazi yako imekwisha!" Mheshimiwa akafoka. "Unasikia? Imekwisha leo hii!"

"Ikwishe," baba akasema. Na kweli ikaisha.

Mvua ikashuka. Gari lililotumwa kuja kumpokea Mheshimiwa lilikuwa limekwama kule kwenye lami, kwani njia yetu ya udongo ilikuwa imeshageuka uji. Akasimama pale na viatu vyake vinavyong'aa, akitazama tope kama aliyeletewa chakula kibovu. Hapo Baba Mdogo Makori akalikita jembe lake kwenye udongo wa mama yake. "Vijana!" akaita. "Mheshimiwa atakanyaga tope sisi tukiwa hapa?"

Basi wakaja. Mmoja akaacha jembe, wa pili akaacha, wote wakaacha. Wakamwinua juu ya mabega yao wakiimba. Katika kunyanyuliwa huko, vifungo vya koti vikakatika, koti likafunguka. Mungu wangu. Shati la Mheshimiwa lilikuwa limegandwa na matapishi kutoka kifuani hadi kwenye mkanda, na mvua ilipoyapata yakaanza kulainika, yakawachuruzikia waliombeba. Kila mtu aliona. Kila mtu alinusa. Nikasema moyoni, sasa. Sasa wamejua.

Makori alikuwa amemshikia mwavuli. Alitazama shati lile kwa karibu, akageuka kututazama sisi tuliobaki kaburini, akapaza sauti ili wote wasikie: "Aibu gani hii! Rubani amemtapikia Mheshimiwa mpaka kifuani!"

"Aibu!" wakaitikia waliokuwa chini yake, vinywa vikiwa wazi, huku yale yakiwatiririkia shingoni. Wakaenda naye wakiimba, wakapita kwenye lango, sauti zikapotelea kwenye mvua.

Mama akavua viatu vyake vya kanisani. Alilichomoa jembe la Makori, akatema mate mikononi, akaanza kufukia. Wanawake wa kwaya wakachukua yale mengine. Kwetu mwanamke hafukii kaburi wakati wanaume wapo, na mzee mmoja aliyekuwa amejikinga mvua chini ya paa la jikoni akalalamika kwamba hilo si desturi, akauliza wako wapi wanaume wa boma hili. Baba hakuinua kichwa. Mama ndiye aliyemjibu.

"Wamebeba mtu," akasema, na akachota tena.